Antena badala ya kebo huku Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Familia mpya ikifika hapa Fort Worth, Texas, baada ya vitanda na masufuria kinachofuata ni TV ya watoto. Kabla wiki mbili hazijaisha, mtu wa mauzo ameshagonga mlango, na baba au mama ameshasaini mkataba wa kebo ambao hakuuelewa. Nimeshika bili nyingi za namna hiyo na kukaa na mwenyewe mezani tukizisoma mstari kwa mstari. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kile anacholipia kinapita bure juu ya paa la nyumba yake. Ombi langu kwa kila anayesoma hapa ni moja: jaribu antena kwanza, ndipo usaini kitu.

Mifano yangu mingi ni ya Dallas na Fort Worth kwa kuwa ndiko ninakoishi. Ukiwa Louisville, Minneapolis au Phoenix, minara yako iko kwingine lakini mambo ni yale yale.

Ni kweli TV ya antena ni bure? Hakuna malipo yanayokuja baadaye?

Ni kweli. ABC, CBS, NBC na Fox hurusha matangazo yao hewani na kujiendesha zaidi kwa pesa za biashara wanazotangaza. PBS ni televisheni ya umma, inategemea sana michango. Hujazi fomu, hutoi namba ya Social Security, hakuna anayekagua rekodi yako ya mikopo. Unanunua antena mara moja, basi.

Wengine wameogopeshwa na ndugu walioko London, waliowaambia kuwa kutazama TV bila leseni ni faini. Wako sahihi kwa kule kwao: Uingereza unahitaji leseni ya TV hata kama unatumia antena. Marekani hakuna leseni ya kutazama televisheni.

Nitapata chaneli gani?

Inategemea mji. Katika miji mikubwa utapata ABC, CBS, NBC, Fox, PBS, CW, na kwa Kihispania Univision na Telemundo. Halafu kila kituo hubeba chaneli ndogo pembeni yake. Ndiyo maana utaona 5.1, kisha 5.2, 5.3 na kuendelea. Humo mna filamu za zamani, michezo ya kuigiza, habari za hali ya hewa, mahubiri.

Mzazi mwenye watoto wadogo aitafute PBS Kids. Tangu Januari 2017 vituo vingi vya PBS vina chaneli ya watoto peke yao, saa 24, na katikati ya vipindi haikatizwi na matangazo ya peremende. Watoto wangu wawili walijifunza herufi za Kiingereza pale kabla hawajaanza shule.

Usizitafute CNN, ESPN, TNT wala HBO. Hizo hazirushwi hewani, na antena ya bei yoyote haitazileta.

Na mpira?

Hapa niseme wazi ili mtu asijutie.

Kombe la Dunia la 2026, ambalo uwanja wa Arlington hapa jirani ulipangiwa mechi 9, haki zake Marekani ni za Fox kwa Kiingereza na Telemundo kwa Kihispania. Mechi zinazowekwa Fox yenyewe zinashikwa na antena. Zinazowekwa FS1 hazishikwi, kwa kuwa FS1 ni chaneli ya kulipia. Wengi wetu huhamia Telemundo, maana lugha ya mpira haihitaji mkalimani.

Ligi Kuu ya Uingereza iko mikononi mwa NBC. Baadhi ya mechi, hasa za Jumamosi, huwekwa NBC ya hewani, na zilizobaki huenda USA Network au Peacock, ambazo ni za kulipia. Mashindano ya AFCON usiyategemee kwenye antena.

Mpira wa Kimarekani ndio umejaa hewani: CBS, Fox na NBC kila Jumapili ya msimu. Hata mechi zilizouzwa kwa ESPN au Amazon hurushwa bure na kituo cha hewani katika mji wa timu inayocheza. Kwa hiyo mtu wa Dallas anaiona Cowboys bila kulipa senti.

TV niliyo nayo inafaa?

Kama imeuzwa Marekani baada ya Machi 2007, karibu hakika inafaa, kwa kuwa tangu hapo sheria ilitaka kila TV iwe na kipokezi cha dijitali ndani. Angalia nyuma: kuna mdomo wa duara wenye nyuzi za kufungia kama za skrubu na tundu dogo katikati? Hapo ndipo waya wa antena unapoingia. Ukiwa na skrini isiyo na mdomo huo, nunua kipokezi kidogo cha nje kinachounganishwa kwa HDMI.

TV za zamani za mgongo mkubwa bado zinaweza kutumika, lakini zinahitaji kisanduku cha kubadili mawimbi, kwa sababu vituo vikubwa vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009.

Nilikuja na TV yangu kutoka Nairobi. Mbona haishiki kitu?

Kwa sababu Marekani na Afrika Mashariki hazitumii mfumo mmoja. Huku ni ATSC, kule ni DVB-T2. TV ya kule haina sikio la kusikia mawimbi ya huku. Bado utaitumia kwa HDMI ukiwa na kipokezi cha ATSC, ila soma kwanza kibandiko cha nyuma kuhusu umeme: kikiandika 100–240V, salama. Kikiandika 220–240V tu, umeme wa huku wa 120V hauitoshi.

Swali la upande wa pili naulizwa zaidi kila Desemba: mtu ananunua TV ya punguzo huku na kuipakia kwenye kontena kwenda Dar au Mombasa. TV nyingi zinazouzwa Marekani ni za 120V pekee. Ukiichomeka kule kwenye 230V bila transfoma, umeiua. Na hata ikiwa ya umeme wote, antena ya kule haitazungumza nayo, itabidi mama aweke king'amuzi. Soma kibandiko kabla ya kulipa dukani.

Ninunue antena ipi?

Maneno yaliyochapishwa kwenye boksi yasikusumbue. "4K", "HD", "digital": antena ni chuma kinachodaka mawimbi, haijui kama yaliyomo ndani ni dijitali au analojia. Na ile inayojisifu kuwa inafika maili 200, iache hapo hapo rafuni. Dunia ni mviringo, mawimbi ya TV husafiri karibu mstari ulionyooka, na baada ya maili 60 au 70 mnara unakuwa umezama nyuma ya upeo. Ukubwa wa maandishi hauinui mnara.

Kinachohesabika ni urefu wa chuma chenyewe. Chaneli nyingi leo zinarushwa kwenye masafa yanayoitwa UHF, chaneli ya 14 hadi ya 36. Nusu ya wimbi lake ni kama sentimita 25 hadi 32, kwa hiyo karatasi bapa ya kubandika dirishani inatosha kabisa. Lakini vipo vituo vilivyobaki kwenye masafa ya chini zaidi, VHF, chaneli ya 7 hadi 13, na nusu ya wimbi lao ni sentimita 70 hadi 86. Ile karatasi ni fupi kwao. Hapo ndipo inatakiwa antena ya fimbo mbili za kuvuta, au ya nje yenye mikono mirefu.

Mfano wa hapa kwetu: namba unayoiona kwenye skrini ni jina tu. Fox 4 ya Dallas inarushwa kwenye chaneli ya 35, ambayo ni UHF. Lakini ABC ya hapa, WFAA, inajiita 8 na kweli inarushwa kwenye 8, VHF. Ndiyo maana mtu wa Fort Worth mwenye karatasi dirishani ananiambia "napata zote isipokuwa ABC". Antena yake si mbovu. Ni fupi kwa wimbi lile.

Kabla ya kununua, ingia kwenye tovuti ya FCC, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, sehemu ya ramani za DTV, andika anwani yako. Utaona vituo, mwelekeo wa minara, nguvu ya mawimbi, na kila kituo kiko VHF au UHF. Ukiwa karibu na mji, antena ya ndani ya dola 20 au 30 kwa kawaida inatosha. Tunza risiti, na nunua duka linalokubali kurudishiwa.

Niiweke wapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Mahali pa antena pana uzito kuliko bei yake.

Jirani yangu mmoja, mzee kutoka Uvira, aliniita jioni moja. Antena alikuwa ameipigilia nyuma ya TV, ukuta wa ndani kabisa, kando ya friji. Chaneli 9. Hapa kwetu minara mikubwa karibu yote iko Cedar Hill, kusini-mashariki mwa Fort Worth, umbali wa kilomita 40 hivi. Nikafungua dira ya simu, tukatafuta dirisha linalotazama huko. Lilikuwa la chumba cha watoto.

"Papa, inua kidogo. Juu zaidi, karibu na pazia."

"Hapa, mwanangu?"

"Hapo. Sasa usiondoe mkono, natafuta upya."

Chaneli 61. Mkewe alipiga vigelegele kutoka jikoni. ABC bado haikuwemo, kwa sababu ile niliyoieleza hapo juu. Kesho yake tukaibadili na antena ya fimbo mbili ya dola 20, tukazivuta fimbo mpaka mwisho na kuzilaza, moja kulia na moja kushoto, ikaingia na ABC.

Kwa hiyo: dirishani kwanza, upande wa minara, juu uwezavyo. Ghorofa ya pili inashinda ya kwanza. Epuka kuiweka nyuma ya TV, karibu na friji, maikrowevu au kabati la chuma. Kuta zenye wavu wa chuma ndani ya plasta huzuia mawimbi, na vioo vipya vilivyopakwa utando wa kuzuia joto huzuia pia. Kama dirisha la sebule halikupi kitu, usikate tamaa, jaribu lingine. Wakati mwingine kusogeza sentimita 30 kunabadilisha kila kitu.

Tuliokulia kwenye analojia tumezoea kurekebisha kwa macho: chenga zikipungua unajua unaelekea pazuri, na mtu aliye ndani anampigia kelele aliye juu ya bati "hapo hapo!" Dijitali haina chenga. Picha ni safi, au inaganda na kukatika vipande vipande, au haipo kabisa. Kwa hiyo ukisogeza antena, tafuta kwenye menyu ya TV kipimo cha nguvu ya mawimbi na ufuate hicho.

Nimeunganisha kila kitu, lakini skrini inasema hakuna mawimbi.

Mara nyingi kosa ni moja. Kwenye mipangilio ya chaneli, TV inauliza unatumia nini: "Antenna" au "Air" kwa upande mmoja, "Cable" kwa upande mwingine. Chagua Antenna au Air. Kisha anzisha utafutaji wa chaneli na usiiguse rimoti mpaka umalize. Kama bado, kaza kichwa cha waya, na uangalie sindano ya katikati kama haijapinda.

Ofisi ya apatimenti inasema antena haziruhusiwi.

Sheria iko upande wako. Tangu 1996 kanuni ya FCC, inayojulikana kwa kifupi OTARD, inazuia wenye nyumba na vyama vya wakazi kukataza antena za kupokelea TV, na baadaye ilipanuliwa kuwalinda wapangaji pia. Inahusu sehemu unayoitumia wewe peke yako: ndani ya nyumba, baraza lako, balkoni yako. Paa la wote, ukuta wa nje na korido si mali yako, hapo wanaweza kukataa. Wanaweza pia kukukataza kutoboa ukuta, na wanaweza kuweka masharti ya usalama.

Nenda ofisini kwa heshima, taja jina OTARD, omba wakujibu kwa maandishi. Kwa wengi niliowasindikiza, mazungumzo yaliishia hapo. Na kumbuka kwamba antena ya ndani haihitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Kuna tundu la kebo ukutani. Nikichomeka TV hapo, si ni antena?

Hapana. Tundu hilo kwa kawaida linaenda kwenye mtandao wa kampuni ya kebo. Antena ni kitu cha kununua na kuweka mwenyewe.

Ninunue na amplifaya?

Mara nyingi huihitaji. Amplifaya haitengenezi mawimbi, inakuza yaliyokwisha kudakwa pamoja na kelele zake. Ukiwa karibu na minara inaweza hata kukuharibia, maana TV inazidiwa na chaneli zinapotea. Jaribu kwanza bila. Inasaidia pale waya ni mrefu au mawimbi yanagawanywa, na mahali pake ni karibu na antena, si nyuma ya TV.

Kama una TV mbili, kigawanyo cha njia mbili kinapunguza mawimbi kwa nusu kwa kila upande. Wenye mawimbi mazuri hawataona tofauti. Kwa bei za antena za ndani, mimi huwashauri watu waweke antena moja kwa kila TV.

Chaneli nilikuwa nazo, zimepotea.

Tafuta upya. Vituo huhama masafa mara kwa mara, na TV haijui mpaka uiambie. Uhamaji mkubwa wa mwisho ulimalizika Julai 2020, baada ya sehemu ya masafa ya TV kuuzwa kwa makampuni ya simu. Fanya utafutaji mpya kila miezi michache. Kama ni chaneli za VHF tu zinazokatika nyakati za usiku, zima taa zako za LED moja moja: za bei rahisi zinatoa kelele inayoziba VHF.

Mvua kubwa na radi je?

Mvua yenyewe haina madhara makubwa kwa antena, tofauti na dishi la setilaiti. Radi ndiyo ya kuheshimu. Antena ya nje lazima iwe na waya wa ethi unaoshuka ardhini na kuungana na ethi ya nyumba. Kama hujui kazi hiyo, mlipe fundi umeme. Na usipandishe mlingoti popote ambapo ukianguka unaweza kugusa nyaya za umeme.

Lakini hali mbaya ya hewa ndiyo sababu yangu kubwa ya kupenda antena. Februari 2021 Texas ilishikwa na baridi ambayo hatukuwahi kuiona. Umeme ulirudi dakika chache, ukakatika saa nyingi. Simu zilikuwa zinapoteza mtandao, na intaneti yetu haikurudi hata umeme uliporudi. Tulikuwa watu 7 chumba kimoja, mablanketi yote sakafuni. Kila umeme uliporudi, nilibonyeza rimoti na mtangazaji wa hapa hapa Dallas akatokea, bila kusubiri modemu. Hapo ndipo tulipojua kwamba baadhi ya maeneo ya Fort Worth yameamriwa kuchemsha maji kabla ya kunywa. Nilitoka na koti mawili nikagonga milango ya Waswahili wenzangu jengo zima kuwaambia.

Msimu wa vimbunga ni hivyo hivyo. Kituo cha mji wako kinataja kaunti yako na mtaa wako. Programu ya filamu kwenye intaneti haitakwambia ujifiche bafuni.

Kuna chaneli ya Kiswahili?

Hewani huku sijaona. Kwa Kiswahili utahitaji intaneti: BBC Swahili, DW Kiswahili na vituo vya nyumbani kwenye YouTube. Hilo halikulazimishi kununua kebo. Intaneti inauzwa peke yake hata na kampuni hizo hizo za kebo, ingawa mhudumu atajaribu kukuuzia vyote kwa pamoja. Mwambie "internet only" na urudie.

Mama yangu hajui Kiingereza vizuri. Atafaidika na nini?

Bonyeza kitufe cha CC kwenye rimoti. Maneno yote yanayosemwa yataandikwa chini ya skrini, bure. Mama mkwe wangu alianza na utabiri wa hali ya hewa, kwa sababu maneno ni yale yale kila siku na ramani inamweleza maana. Alikuwa na daftari. Leo anatuambia yeye kama tubebe mwavuli.

Nasikia kuna mfumo mpya, NextGen TV. Nisubiri?

Usisubiri. NextGen, yaani ATSC 3.0, umeanza katika miji mingi, na una picha bora ukiwa na TV inayoukubali. Antena unayonunua leo itaushika pia, kinachobadilika ni kipokezi. Tahadhari moja: vituo kadhaa vimefunga mawimbi yao ya NextGen kwa kufuli za kidijitali, na baadhi ya vipokezi vinashindwa kuvifungua. Uliza kabla ya kununua kisanduku cha aina hiyo.

Tayari nina mkataba wa kebo. Nitokeje?

Weka antena kwanza, itumie wiki mbili familia nzima, muone mnachokikosa. Kisha chukua bili na utafute mambo matatu: tarehe ya mwisho wa mkataba, adhabu ya kuvunja mapema, na kodi ya kisanduku ya kila mwezi. Bili nyingi zina pia mstari ulioandikwa "Broadcast TV Fee". Hayo ni malipo ya chaneli za hewani, zile zile ulizozitazama kwa antena wiki hizo mbili.

Adhabu ikiwa ndogo kuliko malipo ya miezi iliyobaki, vunja. Ikiwa kubwa, andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani na piga simu kabla haijafika, kwa sababu bei ya punguzo huisha siku hiyo. Ukipiga, watakupeleka kwa mtu wa kukubembeleza ubaki. Msikilize, mshukuru, rudia kwamba unafunga TV na unabaki na intaneti. Omba namba ya uthibitisho, iandike.

Visanduku vyao virudishe mwenyewe dukani kwao pamoja na rimoti na waya wa umeme, na usiondoke bila risiti yenye namba ya kila kisanduku. Rafiki yangu alirudisha viwili bila risiti, na miezi mitatu baadaye akadaiwa kana kwamba hakurudisha. Piga picha risiti hiyo kwa simu palepale kaunta, kwa sababu wino wa karatasi zile unafutika.